Hiki Nilipewa: Visu vya Kukunja vya Zamani na Njia Zilizopita Morogoro

Kopo lenyewe ni la biskuti, la bati, rangi yake imebanduka pembeni na mfuniko wake haufunguki mpaka ugongwe. Ndani mna vile vitu ambavyo nyumba ya mzee haivikosi: vifungo vya shati, ufunguo ambao kufuli yake haijulikani iliko, picha mbili za pasipoti, miwani iliyokatika mkono. Mjomba anavitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka bila haraka, mpaka anafika chini kabisa, kwenye kifurushi cha kitambaa cha fulana kuukuu kilichofungwa kwa uzi wa katani. Fundo analifungua kwa kucha. Uzi haukati.

"Shika kwa kitambaa, mjomba," ananiambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mkubwa kwa mdogo, na mimi nimeitwa mjomba na mzee huyu tangu sijaota meno.

Ni kisu cha kukunja. Kikiwa kimefungwa urefu wake haupiti kidole changu cha kati kwa mengi. Mpini ni wa chuma kitupu, mwembamba, umenyooka kama kipande cha rula. Kina mabapa mawili, kubwa na dogo. Naingiza ukucha kwenye ule mfuo mdogo uliochongwa kwa ajili hiyo, navuta, na bapa kubwa linasimama kwa mlio mkavu: ka! Mjomba anatabasamu. Mlio huo ndio aliokuwa akiungoja. Chini ya bapa, karibu na linapoingia kwenye mpini, kuna herufi ndogo zilizokatika vizuri utadhani zimepigwa jana: Eskilstuna, Sweden. Nakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye makali bado inaonekana mistari myembamba iliyoachwa na gurudumu la kiwandani. Hakijawahi kunolewa, kwa kuwa hakijawahi kukata kitu.

"Miaka yote hiyo, mjomba?"

"Cha kazi nilikuwa nacho," anajibu. "Hiki nilipewa."

Tuko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu upande wa pili wa mji. Mgeni anayepita hapa leo huona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakiingia na kutoka kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu, na pengine hajiulizi jina hilo limetoka wapi. Eneo hili lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976, vijana wa Afrika Kusini walipoanza kumiminika nje ya nchi yao, Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi hii mwaka 1977. Shule iliyojengwa hapa ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Pamoja na madarasa pakawa na hospitali, shule ya watoto wadogo, mashamba, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi ambaye naye makaburu walimnyonga, mwaka 1964. Misaada ilitoka nchi nyingi, zikiwamo zile za kaskazini mwa Ulaya, na pamoja na misaada wakaja watu: wajenzi, walimu, mafundi wa kujitolea. Watanzania wengi wa hapa walipata kazi. Mmoja wao alikuwa mjomba, kijana wa randa na msumeno.

Mmoja wa mafundi hao wa kigeni, Mswidi, alipomaliza muda wake alimpa kisu hiki siku ya kuagana. Mjomba alikifunga kwenye fulana. Mwaka 1992, Afrika Kusini ikiwa njiani kuelekea uhuru, ANC ilikabidhi Mazimbu yote kwa Tanzania. Wenzake wakaondoka, majengo yakabaki, makaburi ya wasiorudi yakabaki, na kisu kikabaki kwenye kopo.

Eskilstuna ni mji wa Sweden ambao umeishi kwa visu na vyuma kwa karne nyingi, kama Sheffield kwa Waingereza na Solingen kwa Wajerumani. Lakini sikuandika makala haya kwa sababu ya sifa za Eskilstuna. Nimeandika kwa sababu najua ni visu vingapi vya namna hii vinavyoharibiwa na watu wenye nia njema. Mimi ni mmoja wao.

Babu yetu upande wa mama aliacha kisu chake cha kukunja, kikubwa zaidi ya hiki, chenye mpini wa pembe ya mnyama na mabamba membamba ya shaba ndani. Kilipita kwa mjomba, kama vitu vingi vya Waluguru vinavyopita upande wa mama, na mjomba akanipa mimi. Kilikuwa cheusi bapa zima, kimejaa vumbi kwenye bawaba. Nilikiona kichafu. Nikampelekea mnoaji wa mtaani, mwenye lile jiwe linalozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, nikamwambia akinoe na akikwangue mpaka kimetemete. Alifanya kazi yake barabara. Alipiga jiwe, akapiga msasa, akamalizia kwa kitambaa. Nilipokea kisu kinachong'aa kama kijiko kipya, bapa limepungua upana, ncha imesogea, na mahali palipokuwa na muhuri wa kiwanda pamebaki herufi tano: INGEN. Nilipata kuona neno zima siku moja kabla, sikulijali. Jina la mtengenezaji lililokuwa juu yake lilikwenda na cheche.

Siku ile mjomba alikishika, akakipitisha kidole gumba palipokuwa na maandishi, akanirudishia. Hakunisema. Ilichukua miaka mingi kabla hajanionyesha cha pili.

Mnoaji hakukosea. Kisu cha jikoni kikipelekwa kwake kinastahili kufanyiwa hivyo hivyo, na wahenga wetu waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama walikuwa wakisema juu ya kisu cha kazi. Kisu cha zamani kilichohifadhiwa ni kitu kingine. Wanaokusanya visu hivi duniani, na ni watu wengi wenye vyama na maonyesho yao, hutafuta jambo moja kwanza: kisu kilivyo ndivyo kilivyotoka mikononi mwa aliyekitengeneza? Bapa bado ni pana kama lilivyochongwa, au limelika kwa kunolewa mara mia? Muhuri unasomeka? Mabapa yakifungwa yanakaa katikati au yanagusa upande mmoja? Springi ya mgongoni inalivuta bapa kwa nguvu ile ile, na likifunguliwa nusu linasimama pale pale? Ukikiinua kwenye mwanga, unaona mwanya kati ya springi na bamba la shaba? Kama kuna boksi lake la karatasi na kijikaratasi cha maelezo, vishikwe hivyo kama yai.

Kwa kipimo hicho, kisu cha kawaida kabisa ambacho hakijaguswa kinaweza kuthaminiwa kuliko kisu cha fahari kilichopigwa msasa. Wengine wataliona jambo hili kama anasa ya wenye nafasi. Mimi naliona kama usomaji. Kisu kilichobaki kama kilivyokuwa bado kina maneno yake, na ukijua kuyasoma kinakuambia kilikotoka na kilipozaliwa.

Mfano mzuri ni neno lenyewe la nchi. Katika karne ya 19 baadhi ya mafundi wa Ujerumani walikuwa wakipiga majina ya Sheffield kwenye visu vyao ili viuzike. Waingereza walikasirika, na mwaka 1887 Bunge lao likapitisha sheria ya alama za bidhaa: kitu kilichotoka nje kikiwa na alama inayoweza kumdanganya mnunuzi, lazima kionyeshe nchi kilikotengenezwa. Lengo lilikuwa kuwaaibisha Wajerumani. Miaka michache baadaye maneno "Made in Germany" yalikuwa yamegeuka sifa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1890, ikadai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo kisu chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya miaka hiyo, na kisicho nalo kinaweza kuwa cha zamani zaidi. Kikiandikwa "West Germany" umri wake unajulikana vizuri zaidi, kwa kuwa nchi yenye jina hilo ilikuwapo kati ya 1949 na 1990. Neno "Solingen" lenyewe lililindwa kwa sheria mwaka 1938, asiweze kulitumia fundi wa mji mwingine. Na ukiona neno linalomaanisha chuma kisichoshika kutu, basi kisu hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley alipata chuma hicho huko Sheffield. Visu vya kabla ya hapo vilikuwa vya feleji ya kawaida, ile inayobadilika kuwa ya kijivu, kisha nyeusi, ukimenyea chungwa au ndimu.

Weusi ule wa kisu cha babu, ambao mimi niliuita uchafu, ulikuwa huo. Haukuwa kutu. Ni ngozi ambayo chuma hujiotesha kwa miaka, na kwa kiasi fulani hukikinga. Kutu ni nyekundu, inakwaruza, inachimba. Mweusi mwache, mwekundu mfukuze: laiti mtu angeniambia maneno hayo manne kabla sijatoka nyumbani siku ile.

Herufi zile tano zilizobaki zinatosha kunirudisha kwenye reli. Treni kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa Wajerumani, na bidhaa za Ujerumani zikapata njia rahisi ya kuingia bara: nguo, majembe, sufuria, visu. Mkonge ulikuwa umeshaingia nchini tangu 1893, na mashamba yake yalikuja kuenea mpaka tambarare hizi za chini ya Uluguru. Mkonge ni kazi ya kisu kuanzia asubuhi hadi jua linapowaka. Cha shambani ni kisu kirefu, mali ya kazi. Kile cha mfukoni kilikuwa cha mtu mwenyewe, cha kukatia kamba, kumenyea muwa, kuchongea penseli ya mtoto.

Kipo kisu kimoja cha kukunja kilichotengenezwa Solingen kwa kutuwazia sisi hasa. Kilianza mwaka 1902, kikikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemtambua mwaka mmoja nyuma: Okapi. Ni kisu cha bei ndogo: mpini wa mbao uliopinda kidogo, na kwenye aina inayojulikana zaidi kuna pete ya chuma mgongoni ya kuachilia bapa likunjwe, na vipambo vya mwezi na nyota vilivyopigwa kwenye mbao. Hakikukusudiwa kukaa kwenye kopo. Ndiyo sababu Okapi la Solingen ambalo halijatumika ni adimu kuliko visu vingi vya thamani: kitu cha bei ndogo hakuna anayekihifadhi. Miaka ya 1980 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini, ambako jina hilo wengi huliogopa, kwa kuwa wahuni wa mitaani walilifanya silaha yao. Wafanyakazi, wakulima na wavuvi nao wamelitumia kwa kazi za halali miaka yote hiyo, nao ni wengi zaidi. Kisu cha Mjerumani kwa Mwafrika, chenye jina la mnyama wa Kongo, kikaishia kuwa cha Afrika Kusini: kila nikikiona nafikiria Mazimbu.

Lakini habari iliyonishika kuliko zote ni ya mpini.

Katika karne ya 19 hakukuwa na jina la visu lililovuma kuliko la Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, wenye alama ya nyota na msalaba. Ndio waliotengeneza mwaka 1822 kisu chenye mabapa 1,822, moja kwa kila mwaka tangu kuzaliwa Yesu, ambacho kiliachiwa nafasi ya kuongezewa mabapa. Kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 walitengeneza kingine, kisu cha Norfolk, chenye mabapa na zana 75, ambacho bado kipo Sheffield. Hivyo ni vya kuonyeshea ufundi. Vya kuuza, vile vya waungwana vya mfukoni na vya mezani, vingi vilikuwa na mipini ya pembe za ndovu. Kampuni hiyo ilikuwa na ghala la pembe lililojaa mpaka wageni wakapelekwa kulitazama, na zipo picha za wafanyakazi wakiwa wamesimama katikati ya meno marefu kuliko wao.

Pembe za Sheffield zilitoka pande nyingi za dunia. Soko kubwa la pembe Afrika Mashariki lilikuwa Unguja, ambako ziliuzwa kwa frasila, kama kilo 16 kwa frasila moja, na pembe za huku zilipendwa kwa kuwa ni laini na hazipasuki ovyo hali ya hewa ikibadilika. Kutoka Ujiji, Manyema na Tabora zilikuja mabegani, kwa sehemu kubwa mabegani mwa Wanyamwezi waliokuwa wakilipwa ujira wa upagazi, na nyingine mabegani mwa watu wasiokuwa na hiari. Njia ya kuelekea Bagamoyo ilipita kwetu. Kuna wakati misafara ilipita kusini mwa Uluguru, kwenye kituo cha Zungomero; wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipitia huko mwaka 1857. Baadaye njia ya kaskazini ya milima ikashika, na juu ya njia hiyo alikaa Kisabengo, Mzigua aliyejijengea mji wenye ukuta wa mawe hapa hapa Morogoro. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita Aprili 1871, katikati ya masika, Kisabengo alikuwa ameshafariki na mji ulikuwa mikononi mwa binti yake, Simbamwene. Binti huyo alimdai Stanley hongo, yaani ushuru wa njia, kama alivyomdai kila mwenye msafara. Hata leo mtu wa Morogoro ukimtajia jina la Simbamwene hahitaji kuulizia.

Kwa hiyo, fikiria. Jino la tembo linaangushwa Manyema, linabebwa miezi, linatuliwa usiku mmoja chini ya ukuta wa Simbamwene, mpagazi analala ameliegemea akisikiliza mvua ikishuka kutoka mlimani. Linafika Bagamoyo, linavuka bahari kwenda Unguja, linapimwa, linapakiwa melini, linakatwa kwa msumeno Sheffield vipande vyembamba kuliko kidole. Kipande kimoja kinakuwa mpini wa kisu cha kukatia ncha ya kalamu ya karani. Jino halikupigwa muhuri wa njia lililopita, na hakuna anayeweza kukuonyesha kisu fulani akaapa kwamba mpini wake ulilala Morogoro. Lakini biashara ilivyokuwa, ipo mipini ya namna hiyo kwenye makabati ya watu huko Ulaya na Marekani, ikiwa myeupe na safi, na wenye nayo huiandika katika orodha zao kwa neno moja tu: pembe. Napenda waongeze neno la pili.

Hapa lazima niseme jambo kwa msomaji ambaye huenda ameshaanza kukumbuka kisu cha mzee wake chenye mpini mweupe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hapa nchini, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ni nyara ya Serikali. Kukaa nayo bila kibali ni kosa kubwa. Uzee wa kitu si kibali. Mipini mingi myeupe ni ya mfupa wa ng'ombe tu, na kuna njia ya kuitofautisha: mfupa una vitone na vistari vidogo vyeusi vya mirija, wakati pembe ina mistari iliyopishana kama wavu kwenye upande uliokatwa. Ukiona wavu huo, usikiuze, usikipeleke popote. Waone maofisa wa wanyamapori. Mimi nisingenunua kisu cha pembe hata ningepewa kwa bei ya karanga. Tembo wetu wameshalipa.

Mfupa, pembe ya ng'ombe, mbao, mpingo, chuma, plastiki: hivyo vinatosha kumpa mtu kazi ya kukusanya maisha yake yote. Sheffield alikuwapo mtu mmoja, Ken Hawley, muuza zana, aliyeanza kuokota na kutunza vifaa vya mafundi wa mji wake tangu miaka ya 1950, wakati viwanda vikianza kufungwa na watu wakitupa vitu. Alitunza visu, tupa, misumeno, vipande ambavyo havijamalizwa kutengenezwa, ili ionekane hatua kwa hatua kisu kinavyozaliwa. Alipofariki mwaka 2014 mkusanyiko wake wa makumi ya maelfu ya vitu ulikuwa umeshapata makao katika makumbusho ya Kelham Island. Wajerumani wana makumbusho yao ya visu huko Solingen. Sijasema Morogoro ijenge jengo. Nasema kabati moja lenye kioo, ndani ya kampasi ile ile ya Mazimbu, lingeweza kubeba zana za mafundi waliojenga mahali pale, waliotoka Afrika Kusini, waliotoka Ulaya na waliozaliwa hapa, na mikono yao bado ingeonekana juu yake.

Nimemuuliza mjomba anakitunzaje, kwa sababu hali ya hewa yetu si rafiki wa chuma. Masika yakishuka kutoka Uluguru, kati ya Machi na Mei, hata chumvi mezani hulia machozi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mafuta ya cherehani." Tone moja kwenye bawaba, tone moja kwenye kitambaa cha kupangusia bapa, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Nimesoma ushauri wa watunzaji wa makumbusho na wa wakusanyaji wakubwa, na haukwenda mbali na wa mzee huyu. Mafuta ya kupikia hayafai, yanaganda na kunata. Ala ya ngozi hupendeza machoni lakini haifai kulalia, kwa kuwa ngozi huvuta unyevu na dawa zilizoitengeneza hula chuma na kuotesha kijani kwenye shaba. Kitambaa cha pamba kikavu ni bora. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, ambavyo watu hutupa, viwekwe ndani ya kopo. Visu vya zamani vyenye mipini ya plastiki ile ya mwanzo, yenye mawimbi ya rangi kama gamba la kobe, vitengwe peke yao: inapozeeka hutoa hewa chachu ambayo inaweza kutia kutu visu vyote vilivyo jirani. Na kama kutu nyekundu imeshaota, usikimbilie msasa. Weka mafuta, subiri siku, sugua taratibu kwa kipande cha mbao laini au sarafu ya shaba, futa, rudia. Ni kazi ya wiki. Usikaribie muhuri.

Niliyajua yote hayo kabla sijafika kwa mjomba safari hii, na bado nilikosea. Nilipomaliza kukitazama kisu cha Eskilstuna nilikifunga, nikakilaza kwenye fulana, nikaanza kukunja kitambaa. Akanizuia mkono.

"Vidole vyako, mjomba."

Nikakifungua tena. Kwenye bapa kubwa, juu kidogo ya jina la mji, kulikuwa na alama ya kidole gumba changu, kamili, mistari yake ikihesabika. Nilikuwa nimekiacha kitambaa wakati nikisoma maandishi, bila kujijua. Jasho lina chumvi. Alama ile ingelala humo masika yote, na mwakani ingekuwa kidole cha kutu. Akanisogezea kichupa cha mafuta. Nikapangusa bapa kubwa, nikapangusa dogo, nikapangusa mpini pande zote mbili, nikamkabidhi.

Mjomba akakisogeza sikioni, akafungua, akafunga. Ka. Akasikiliza kidogo, kama mtu anayengoja jibu. Kisha akakifunga kwenye fulana, akazungusha uzi wa katani mara tatu, akanipa ncha mbili za uzi nifunge fundo mimi.